“Ametulia” au “amepona”? Ulinganisho wa maana mbili za kupona kwa wanafunzi wa afya wa Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu anayepangiwa mafunzo kwa vitendo katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, iwe Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi, hukutana na neno moja ndani ya majalada kabla hajazoeana na mgonjwa hata mmoja. Neno hilo ni “ametulia”. Muuguzi wa zamu huliandika asubuhi, tabibu hulirudia mchana, na mama wa mgonjwa hulitumia anapoulizwa habari za nyumbani. Baada ya wiki mbili mwanafunzi naye ameshalishika, na akiulizwa darasani kupona ugonjwa wa akili ni nini, atajibu kwamba ni mgonjwa kutulia, kulala usiku, kula vizuri na kuacha kusikia sauti. Hajakosea, ila amejibu nusu ya swali, na nusu aliyoiacha ndiyo ambayo mgonjwa mwenyewe huja nayo kliniki.

Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa mkoani Mtwara, na kila mwaka hulazimika kuwasaidia wanafunzi kuchagua ni ufahamu upi wa kupona wauweke mbele wanapoandika ripoti ya mgonjwa, wanapozungumza na ndugu zake, na wanapompangia siku ya kurudi. Ulinganisho huu umetokana na kazi hiyo. Nitauita ufahamu wa kwanza kupona kwa dalili na wa pili kupona kwa maisha, kwa kuwa majina yanayotumika katika vitabu vya Marekani na Uingereza bado hayajapata Kiswahili ambacho nacho kimetulia.

Kupona kwa dalili

Ufahamu huu ndio unaofundishika kwa urahisi zaidi, kwa sababu unapimika. Mwaka 2005 jopo la wataalamu lililoongozwa na daktari Nancy Andreasen wa Marekani lilipendekeza kipimo kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaovuruga fikra na hisia za mtu: dalili kuu nane, zikiwamo kusikia au kuona yasiyokuwapo, imani zisizo na msingi na maneno yasiyoshikana, ziwe zimetoweka au zimebaki hafifu kwa muda usiopungua miezi 6. Jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita ni kwamba jopo hilo halikusema mtu wa namna hiyo amepona. Lilisema ugonjwa wake umetulia, na kwamba kutulia ni hatua ya lazima ambayo peke yake haitoshi kuitwa kupona. Kwa maneno mengine, muuguzi wetu anayeandika “ametulia” anaandika sahihi kabisa. Anayepotoka ni mwanafunzi anayelisoma neno hilo kana kwamba limeandikwa “amepona”.

Faida za kuanzia hapa si ndogo. Dalili zinaweza kuandikwa, zikakabidhiwa zamu inayofuata, zikalinganishwa na za mwezi uliopita. Zinaipa familia kitu cha kushika pia, kwa sababu swali la kwanza la ndugu huwa ni lile lile: “Ataacha dawa lini?” Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unaelekeza kwamba mtu aliyepata saikosisi, yaani hali ya kushindwa kutofautisha yaliyopo na yasiyokuwapo, kwa mara ya kwanza aendelee na dawa hadi atimize angalau miezi 12 tangu dalili ziishe, ndipo kufikiriwe kuziacha taratibu akiwa chini ya uangalizi. Mwanafunzi asiyejua kufuatilia dalili hawezi kuijibu familia hiyo, na maneno matamu kuhusu matumaini hayatamsaidia.

Kupona kwa maisha

Ufahamu wa pili haukuanzia kwa madaktari. Patricia Deegan, Mmarekani aliyeambiwa ana skizofrenia akiwa na umri wa miaka 17 na ambaye baadaye alisoma saikolojia hadi shahada ya uzamivu, aliandika mwaka 1988 kuhusu kupona kama njia ya kuishi ambayo mtu huipitia mwenyewe, tofauti na matibabu anayopewa na wengine. Mwaka 1993 William Anthony, naye wa Marekani, alikueleza kupona kuwa ni kuishi maisha yenye kuridhisha, yenye matumaini na yenye mchango kwa wengine, hata kama ugonjwa umeacha mipaka fulani. Kisha mwaka 2011 watafiti wa London walikusanya maandishi mengi ya namna hiyo, wakayapanga katika mambo matano: kuunganika na watu, matumaini, kujitambua upya kama mtu na si kama mgonjwa tu, kuona maana katika maisha, na kuwa na nguvu ya kujiamulia.

Wanafunzi husema mawazo haya ni ya kigeni. Mimi huwarudisha kwenye lugha yao wenyewe. Kwa Kiswahili mtu hupata ahueni, hupata nafuu, hutulia, kisha hupona, na hakuna anayezichanganya ngazi hizo anapozungumzia homa. Zaidi ya hapo, kupona hubeba maana ya kuokoka: mvuvi wa Mikindani ambaye mtumbwi wake ulipinduka akafika pwani akiwa hai husemwa kuwa amepona, hata akichechemea maisha yake yote. Hakuna anayesubiri mguu wake unyooke ndipo amwite aliyepona. Lugha inayompa mvuvi huyo neno hilo haiwezi kumnyima aliyeugua akili, ambaye bado anasikia sauti moja moja jioni lakini amerudi baharini, amerudi msikitini kwenye swala ya jamaa, na analea watoto wake.

Kwa nini wanafunzi huangukia upande wa kwanza

Sababu kubwa ni mahali wanaposimama wanapoangalia. Mwaka 1984 watafiti Patricia Cohen na Jacob Cohen walieleza kosa la kuona ambalo tunaweza kuliita mazigazi ya mtabibu. Mhudumu wa hospitali hukutana mara nyingi na wale ambao ugonjwa wao ni wa muda mrefu au wa kurudi rudi, kwa kuwa hao ndio wanaokuwapo wodini siku yoyote atakayoingia, ilhali waliopata nafuu wakaenda zao hawaonekani tena. Mwisho wa siku anaamini kwamba wote huishia kama wale anaowaona. Emil Kraepelin, Mjerumani ambaye mwishoni mwa karne ya 19 aliuelezea ugonjwa ambao leo tunauita skizofrenia kuwa ni wa kudhoofika moja kwa moja, alifanya kazi yake kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini, na kivuli cha maelezo yake kingali kinatembea katika kumbi zetu za mihadhara.

Nami nilitembea ndani ya kivuli hicho. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, baba mmoja alinisimamisha koridoni akaniuliza kama kijana wake atapona. Nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua: “Mzee, ugonjwa huu hauponi, utatulizwa tu.” Ushahidi wangu wote ulikuwa wagonjwa watatu niliowaona wakirudi wodini ndani ya majuma sita. Yule mzee alishukuru, akavua kofia yake, akaivaa tena, akaondoka.

Laiti ningejua wakati ule habari za Vermont. Courtenay Harding na wenzake walichapisha mwaka 1987 matokeo ya wagonjwa 269 waliotoka katika hospitali ya serikali ya jimbo hilo la Marekani miaka ya 1950, watu waliohesabiwa kuwa miongoni mwa walioshindikana. Baada ya wastani wa miaka 32, kati ya nusu na theluthi mbili yao walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Utafiti mwingine, wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza katika miaka ya 1960 na kuhusisha wagonjwa 1,202 katika nchi 9, ulionyesha kwamba wagonjwa wa Ibadan nchini Nigeria, Agra nchini India na Cali nchini Kolombia walikuwa na mwendo mzuri zaidi kwa jumla kuliko wenzao wa nchi tajiri. Matokeo hayo yamehojiwa sana tangu wakati huo, nami huwatahadharisha wanafunzi wasiyageuze kuwa sifa ya bure kwa kijiji cha Kiafrika, kwa kuwa vijiji vyetu navyo vinajua kufunga watu kamba. Hata hivyo, hayaruhusu mtu yeyote kusema koridoni nilichokisema mimi.

Benchi la kliniki

Tofauti ya fahamu hizi mbili huonekana vizuri zaidi kwenye benchi la wagonjwa wa nje kuliko popote pengine. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanafunzi wangu wakati akimhudumia mama wa makamo aliyekuja kwa ajili ya sindano yake ya kila mwezi. Mwanafunzi alimwamkia, “Shikamoo mama,” akaitikiwa vizuri, kisha akapita kwenye maswali yake kwa mpangilio mzuri: analala? anakula? zile sauti zipo? anamwona mtu anayemfuata? Kila swali lilijibiwa kwa neno moja. Kalamu ilikuwa tayari imeandika “ametulia, hana malalamiko” pale mama alipoinua viganja vyake vyote viwili na kuviweka juu ya meza, juu ya kadi.

“Kutulia nimetulia, mwanangu,” alisema. “Mikono ndiyo haijatulia.”

Ilikuwa inatetemeka. Mama huyu, kabla ya kuugua, alikuwa katika kikundi cha wanawake wanaobangua korosho na kuuza stendi, na yeyote aliyewahi kubangua kwa mkono anajua kwamba kazi ile ni ya vidole: korosho iliyochomwa hushikwa kwa ncha za vidole, hugongwa mara moja kwa kipimo, na mafuta ya ganda lake huunguza ngozi ya anayekosea. Mwenye mikono inayotetemeka hawezi kukaa kwenye kikundi hicho. Alikuwa amejitoa mwenyewe, kwa aibu, akiwa amewaambia wenzake kwamba anamwuguza mjukuu.

Kwa ufahamu wa dalili, mama huyu alikuwa mafanikio ya kliniki: hakulazwa tangu mwaka uliotangulia. Kwa ufahamu wa maisha, alikuwa amepoteza kipato, amepoteza wenzake wa kila asubuhi, na amepoteza jina lake la mbanguaji hodari, yote kwa sababu ya mtetemo unaojulikana vizuri kuwa ni athari ya dawa za aina ya haloperidoli na flufenazini, ambao mara nyingi hupungua dozi ikiteremshwa au ikiongezwa dawa ya kuudhibiti. Ni jambo la kitabibu kabisa, lakini lisingejulikana kwa maswali ya kitabibu peke yake. Hapa ndipo ninapoona wanafunzi wakibadilika, kwa sababu wanagundua kwamba kupona kwa maisha si hisani anayofanyiwa mgonjwa baada ya kazi kwisha, kwani ndiko kulikoleta taarifa iliyobadilisha dozi.

Ugonjwa unaporudi

Katika miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, Juni hadi Agosti, na tena wakati wa mavuno kuanzia Oktoba, familia nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea huhamia shamba. Mgonjwa huhama nazo. Siku ya sindano hupita, dawa huisha, na baada ya muda anaweza kurudishwa hospitalini akiwa hajalala siku kadhaa. Mwanafunzi mwenye ufahamu wa kwanza huandika neno “mtoro” na kuhesabu kwamba safari imeanza upya kutoka sifuri. Familia nayo, ikisikia lugha hiyo, hukata tamaa haraka kuliko mgonjwa.

Mwenye ufahamu wa pili huuliza kitu kingine: safari hii imetofautianaje na ile ya kwanza? Nimeona kijana ambaye mara ya kwanza aliletwa amefungwa kamba nyuma ya pikipiki, na mara ya pili akaja mwenyewe kwa miguu baada ya kukosa usingizi usiku wa tatu, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwamba usiku wa tatu ndio mlango. Ukipima dalili siku hiyo, pengine utapata alama zile zile za mara ya kwanza. Ukipima maisha, amevuka bonde zima. Kwa jambo hili la kurudi kwa ugonjwa sina shaka hata kidogo kwamba ufahamu wa pili unaona mbali zaidi, na pia unasaidia zaidi kupanga, kwa sababu anayejua kwamba mgonjwa wake atahamia shamba ataongea naye mwezi Mei kuhusu zahanati iliyo karibu na shamba hilo.

Mambo mawili ambayo ufahamu wa pili hauyawezi vizuri

Wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliotunga orodha ya sentensi 20, iliyochapishwa mwaka 2006, ya kupima jinsi wahudumu wanavyoelewa kupona. Mjibu anaonyesha ni kiasi gani anakubaliana na kila sentensi. Mimi huitumia orodha hiyo darasani kuanzisha mjadala. Mojawapo ya sentensi hizo inasema kwamba kudhibiti dalili ni hatua ya kwanza ya kupona, na kwa hesabu ya watunzi anayekubali hupunguziwa alama. Wanafunzi wangu karibu wote hunyanyua mikono kukubali, nami siwezi kuwalaumu. Kwa mtu aliyeletwa akiwa hajala siku nne, anayekimbia sauti zinazomwamuru aingie baharini, dalili ndiyo kazi ya usiku huo, na kumwuliza kuhusu maana ya maisha yake ni kukosa adabu. Orodha ile ilitungwa mahali ambapo mtu huweza kuonwa mapema. Hapa kwetu wengi huonwa wamechelewa, baada ya kupitia kwa waganga na viongozi wa dini. Utafiti uliofanyika katika maeneo ya mjini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya afya ya akili, kama sonona na wasiwasi, kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliokwenda kwenye vituo vya afya ya msingi.

La pili ni lile neno kujiamulia. Katika jamii za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambazo kwa asili hufuata ukoo wa mama, mjomba bado ana kauli, na mara nyingi yeye ndiye anayetoa nauli. Mwanafunzi anayetoka darasani na kumwambia mgonjwa mbele ya mjomba wake kwamba “uamuzi ni wako peke yako” anaweza kuwa amemfungia mlango wa nyumbani. Upande mwingine, sheria haimpi mjomba kila kitu: Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotambua kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili bado ni mtu mbele ya sheria. Njia ninayowafundisha ni ya kawaida sana. Mwulize mgonjwa kwanza, akiwa peke yake, anataka nini na nani ajue. Kisha mwite mjomba, mwamkie kwa heshima yake, na mwache mgonjwa aseme mwenyewe yale aliyokubali kuyasema.

Kuna hatari nyingine ambayo haijatufikia kwa wingi lakini itafika. Nchini Uingereza wapo waliougua wenyewe waliolalamika kwamba lugha hii nzuri ya kupona imetumika kuwaondolea huduma na posho, kwa hoja kwamba sasa wanajitegemea. Nikisikia mwanafunzi akisema “tumeheshimu uamuzi wake” kuhusu mtu aliyekosa sindano miezi mitatu na hakuna aliyempigia hata simu, huwa namwuliza kama hiyo ni heshima au ni uvivu.

Uchague upi

Kwa mgonjwa aliye katika siku za kwanza za kulazwa, anza na dalili na usione haya. Kwa anayejiandaa kutoka, na kwa kila aliye kwenye benchi la nje, weka maisha juu ya ukurasa na dalili chini yake, kwa sababu hapo dalili zinakuwa moja ya vyombo vya kumrudisha mtu anakotaka kwenda. Kwa mtihani wa taifa, jibu kwa dalili, kwani ndizo zenye alama. Nisipolisema hili nitakuwa simtendei haki kijana anayehitaji cheti. Na kwa mgonjwa ambaye sauti zake hazijawahi kukoma licha ya dawa, ufahamu wa kwanza utakuacha mikono mitupu, kwa kuwa hauna neno la kumwambia zaidi ya kwamba ameshindikana. Kwa huyo, wa pili ndio pekee wenye kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Kwa wakufunzi wenzangu wanaopanga ratiba, kama kuna wiki moja ya kuongeza, msiiongeze wodini, ambako mazigazi yatazidi kukomaa. Ipelekeni kliniki ya nje na nyumbani kwa watu wanaoendelea vizuri, kwa ridhaa yao, ili mwanafunzi awaone wale ambao wodi haimwonyeshi.

Wakati wa kumwona mgonjwa ni mfupi, pengine dakika kumi, na wanafunzi huniuliza waweke wapi maswali mapya. Hayahitaji kuwa mengi. Mimi huwapa moja tu la kuongeza baada ya usingizi, chakula na sauti: “Siku hizi ukiamka asubuhi unafanya nini?” Yule mwanafunzi wa kwenye benchi alilitumia mwezi uliofuata, dozi ikiwa imeshateremshwa, na katika kadi ya yule mama aliandika hivi: “Ametulia. Mtetemo umepungua mkono wa kulia. Amerudi kikundini, anachagua na kumenya. Kubangua bado anamwachia binti yake.”